Kuchora mji chini ya mbalamwezi kwa njia ya Johan Christian Dahl: mwongozo kamili

Mwaka 1748 Bernardo Bellotto, mzaliwa wa Venice aliyeitwa kuichorea ikulu ya Saxony, dola ya Kijerumani, aliuchora mji mkuu wake wa Dresden mchana kweupe kutoka ukingo wa kulia wa mto Elbe. Picha ile ni kubwa, sm 133 kwa 237. Ukiikaribia unaweza kuhesabu madirisha, matao ya daraja, hata miti ya jukwaa la mafundi kwenye mnara wa kanisa la Hofkirche, ambao ulikuwa bado unajengwa. Miaka 91 baadaye Johan Christian Dahl, mchoraji kutoka Norwei, aliuchora mji huohuo kutoka upande huohuo wa mto, usiku wa mwezi mpevu. Madirisha hayahesabiki tena. Kuba la kanisa la Frauenkirche limegeuka umbo jeusi, daraja limebaki mstari na matao, mawe yote yamemezwa na giza. Hata hivyo aliyewahi kufika Dresden huutambua mji mara moja, na hata ambaye hajawahi kufika huhisi kwamba amesimama pale, usiku ule, karibu na maji.

Mwongozo huu unafuata picha hiyo ya Dahl ya mwaka 1839, yenye ukubwa wa sm 78 kwa 130, ambayo hadi leo iko Dresden. Utakuonyesha namna ya kuchora mji wowote kwa mwanga wa aina ile, kwa rangi za mafuta au za akriliki. Jambo moja limebeba kazi yote, na ukilishika hata picha yako ya kwanza itakuwa na uhai: katika picha ya namna hii mwanga haukai kwenye majengo. Umekaa angani na majini, na mji umesimama katikati ukiuzuia. Anayeanza kwa kuchora majengo kisha akatafuta namna ya kuyamulika ameshika kazi kwa mkia.

Hatua ya 1: Tazama kabla ya kugusa brashi

Tafuta picha ya Dahl mtandaoni, ile kubwa unayoweza kuivuta karibu. Itazame kwa rangi zake kwanza, halafu igeuze kuwa nyeusi na nyeupe kwa programu ya picha ya simu. Sasa finya macho mpaka vitu vidogo vipotee. Utaona maeneo manne tu: weupe mkali kuzunguka mwezi na kwenye mng'aro wa maji, kijivu cha wastani cha anga, kijivu kizito cha mji, na giza la ukingo ulio karibu nawe. Picha nzima, pamoja na makanisa na watu wake, imesimama juu ya maeneo hayo manne.

Kisha angalia nafasi. Anga limechukua zaidi ya nusu ya picha. Mji ni ukanda mwembamba uliolala kati ya anga na mto, na minara miwili mitatu tu ndiyo inayoruhusiwa kupanda juu ya ukanda huo. Wachoraji wengi wanaoanza hufanya kinyume: mji unajaza karatasi, anga linabaki kipande cha juu cha kujazia. Mji ukijaza karatasi, mwanga hauna pa kukaa.

Inafaa pia kujua Dahl alikuwa mtu wa aina gani. Alizaliwa Bergen mwaka 1788, mtoto wa mvuvi, akafika Dresden mwaka 1818. Kuanzia mwaka 1823 aliishi nyumba moja na mchoraji Mjerumani Caspar David Friedrich, karibu na mto Elbe. Alichora mawingu peke yake, vipande vidogo vya rangi ya mafuta visivyo na nyumba wala mti, kwa sababu ya kutaka kujua anga linavyofanya kazi. Uingereza, mchoraji John Constable alifanya vivyo hivyo kule Hampstead mwaka 1821 na 1822, na nyuma ya michoro yake aliandika tarehe, saa na upande wa upepo. Wachoraji hawa wa Kiromantiki, harakati ya sanaa ya enzi hizo, husifiwa kwa hisia, na ni kweli walikuwa nazo, lakini hisia zao zilijengwa juu ya uchunguzi mkali. Friedrich aliondoa vitu vingi mpaka picha ikabaki karibu tupu. Dahl alibakiza maisha: watu, mashua, taa. Kwa anayejifunza, mimi naona Dahl ndiye wa kuanza naye, maana anakuonyesha jinsi ya kuweka vitu vingi ndani ya giza bila kuharibu utulivu.

Hatua ya 2: Tafuta mahali ambapo mji unapigwa mwanga kutoka nyuma

Dahl hakuchagua ukingo ule kwa bahati. Dresden iko nyuzi 51 kaskazini mwa ikweta. Huko mwezi hupita upande wa kusini, na anayesimama ukingo wa kulia wa Elbe akitazama mji wa kale anatazama kusini. Kwa hiyo usiku wa mwezi mpevu mwezi huja juu ya mji, nyuma ya kuba, na mto uko katikati yake na mwezi. Hapo ndipo penye siri ya picha: mwanga unamjia mtazamaji, mji unageuka umbo, na maji yanaurudisha mwanga.

Kwetu karibu na ikweta hesabu ni tofauti. Usiku wa manane mwezi unaweza kuwa karibu utosini, na mwezi wa utosini haufai kwa kazi hii kwa sababu unamulika mapaa na kuacha anga la nyuma ya mji bila kitu. Utafute ukiwa chini, mara baada ya jua kuzama au kabla ya alfajiri. Mwezi mpevu huchomoza mashariki jua linapozama magharibi, na huzama magharibi jua linapokaribia kuchomoza. Mji Mkongwe wa Zanzibar umeelekea magharibi, basi mtu aliye kwenye mashua mbele ya Forodhani saa ya magharibi ataona mwezi ukipanda nyuma ya mapaa. Dar es Salaam ni kinyume: kutoka upande wa Kigamboni ukitazama Kivukoni, mwezi huzama nyuma ya mji kabla ya kupambazuka. Mombasa nayo, ukiutazama Mji wa Kale kutoka ng'ambo ya mkono wa bahari, saa yake ni hiyohiyo ya kabla ya alfajiri. Kumbuka siku hizo ni za bamvua, maji hujaa sana na kukupwa sana. Uliza saa za maji kabla hujaenda, usije ukakuta matope mahali ulipotaka kuchora mng'aro.

Siku nzuri kuliko zote ni ile moja kabla ya mwezi kuwa mpevu kabisa. Jioni hiyo mwezi unakuwa umeshapanda jua linapozama, na kwa dakika chache kuna nuru ya kutosha kuona karatasi yako huku mwezi ukiwa tayari unatawala. Ulaya ya kaskazini dakika hizo ni nyingi. Kwetu giza huingia upesi, basi uwe umeshakaa na penseli imeshachongwa.

Hatua ya 3: Chora na andika papo hapo

Usibebe rangi usiku. Beba daftari, penseli laini au mkaa, na tochi ndogo uliyoifunika kwa karatasi nyekundu ya nailoni. Macho huchukua kama nusu saa kuzoea giza, na mwanga mweupe wa simu huyarudisha nyuma mara moja, ilhali mwanga mwekundu hafifu hauyasumbui sana.

Chora michoro midogo, kila mmoja ukubwa wa kiganja, wenye maeneo manne tu ya weusi na weupe. Usichore dirisha. Halafu andika kwa maneno kile ambacho penseli haiwezi kukishika. Je, sehemu ya chini ya majengo ni nyeusi kuliko ya juu, au imefifia kwa ukungu? Wingu lililo mbele ya mwezi lina rangi gani ukingoni? Mng'aro wa maji unakatika wapi?

Jambo moja la macho utalithibitisha mwenyewe ukikaa pale vya kutosha. Nguo nyekundu au bati jekundu hugeuka jeusi chini ya mbalamwezi, huku vitu vya bluu na kijani vikibaki kuonekana. Jan Purkyně, mwanasayansi wa Bohemia, alilieleza jambo hili mwaka 1825, na leo linaitwa kwa jina lake. Katika mwanga hafifu jicho hutegemea seli nyingine, ambazo huitikia zaidi bluu na kijani na karibu hazioni nyekundu. Mwanga wa mwezi wenyewe si wa bluu, ni mwanga wa jua uliogonga mwezi ukarudi, na kwa hakika umeegemea wekundu kidogo kuliko ule wa jua. Bluu inatengenezwa na macho yetu. Kwa mchoraji maana yake ni moja: paa la vigae vyekundu usilipake wekundu uliofifia, lipake giza.

Picha ya simu ichukue kama kumbukumbu ya maumbo tu. Simu za siku hizi hung'arisha usiku mpaka unafanana na mchana wenye mawingu, na ukiinakili rangi yake umeshapoteza usiku.

Hatua ya 4: Vifaa

Kata kitambaa au ubao wenye uwiano wa picha ya Dahl, 3 kwa 5. Sm 39 kwa 65 ni nusu yake kamili na ni ukubwa mzuri. Rangi sita zinatosha: nyeupe ya titani, bluu ya ultramarini, bluu ya Prussia, umba ya kuchomwa (kahawia nzito), oka ya manjano (manjano ya udongo) na siena ya kuchomwa (kahawia yenye wekundu). Nyeusi ya mrija iache nyumbani. Bluu ya Prussia ikichanganywa na umba hutoa giza zito lenye pumzi ndani yake, wakati nyeusi ya mrija hukaa kama shimo. Bluu hii ilizaliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, kwa hiyo wachoraji wa kizazi cha Dahl waliikuta tayari. Mirija ya bati ya kuwekea rangi hawakuwa nayo wakati ule, hati ya uvumbuzi wake ilitolewa mwaka 1841, miaka miwili baada ya picha yetu.

Kwa brashi, chukua moja pana na laini, mbili bapa za wastani, moja nyembamba, na moja kavu ya manyoya laini isiyotumika kwa rangi, ya kulainishia tu. Hiyo ya mwisho usiidharau.

Anayetumia akriliki katika joto la pwani atasumbuliwa na rangi kukauka kabla hajailainisha. Ongeza dawa ya kuchelewesha kukauka, nyunyiza maji kwa chupa ya kupulizia, na fanya kazi ya anga alfajiri. Jua pia kwamba akriliki ikikauka huwa nyeusi kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi, basi anga lipake jepesi kidogo kuliko unavyolitaka.

Hatua ya 5: Rangi ya msingi na mchoro wa maumbo

Usianze kwenye weupe. Paka kitambaa kizima rangi nyepesi ya umba na bluu kidogo, kijivu cha kahawia, kisha kiache kikauke. Msingi huu wenye joto utaonekana katika mianya midogo kati ya michirizi ya bluu, na ndio utakaozuia picha isiwe baridi kupita kiasi. Ukifanya kazi juu ya weupe, kila rangi ya usiku itakuonekea nzito mno na utaogopa kwenda gizani.

Kwa mkaa, weka mstari wa maji chini ya nusu ya picha, karibu theluthi moja na kidogo kutoka chini. Weka ukanda wa mji, kisha minara. Chagua mnara au kuba moja liwe kubwa na mengine yalitumikie. Mwezi uweke karibu na jengo hilo kubwa lakini usiuweke juu yake kabisa, wala katikati ya picha. Kuhusu ukubwa wake, pima. Mwezi una upana wa nusu nyuzi tu angani. Ikiwa picha yako ya sm 65 inaonyesha upana wa nyuzi 50 hivi, mwezi wa kweli ungekuwa na kipenyo cha milimita 6 au 7. Ukiukuza hadi sentimita moja hakuna atakayekulaumu. Ukiufanya wa sentimita tatu, mji wako umekuwa kijiji cha wanasesere.

Hatua ya 6: Anga, ambalo ndilo kazi yenyewe

Hapa tumia muda mwingi kuliko sehemu nyingine zote zikijumlishwa. Changanya mafungu matano ya rangi kwenye paleti kabla ya kupaka hata moja, kutoka jepesi hadi zito. La kwanza ni nyeupe yenye oka kidogo sana, kama maziwa yaliyotiwa tone la chai. La pili ni hilohilo likiwa na ultramarini na chembe ya umba. La tatu na la nne zidisha bluu na umba. La tano ni Prussia na umba na weupe kidogo mno, la pembe za juu za picha.

Anza penye mwezi, nenda nje. Paka fungu la kwanza kwenye duara dogo, la pili likilizunguka, na kadhalika, michirizi ikifuata upande ambao mawingu yanakwenda. Usichore duara kamili kama shabaha. Anga la kweli limekatwakatwa na mawingu, kwa hiyo weupe utaendelea zaidi upande mmoja na kukatika upande mwingine. Rangi ikiwa bado mbichi, pitisha brashi kavu laini juu ya mipaka, kwa wepesi, ukiifuta kwa kitambaa kila baada ya mara mbili tatu.

Mawingu yana sheria yake, na sheria hiyo inageuka kulingana na umbali wake na mwezi. Wingu jembamba lililo mbele ya mwezi hung'aa kuliko anga. Wingu zito lililo mahali hapohapo huwa jeusi katikati na jeupe ukingoni, upande unaoelekea mwezi tu. Wingu lililo mbali, pembeni mwa picha, ni umbo zito juu ya anga zito na karibu halionekani. Anayepaka kila wingu ukingo mweupe pande zote amewasha miezi mingi.

Ukitazama mwezi kupitia wingu jembamba utaona jambo la kupendeza sana: weupe unaouzunguka huishia kwenye ukingo wa kahawia yenye wekundu. Mwanga unapopinda kwenye matone madogo ya maji, rangi huachana. Weka ukingo huo kwa siena iliyochanganywa na fungu la tatu, wembamba kabisa, usiozidi unene wa ukucha, na uuache ukatike hapa na pale. Ukiwa mbali na picha hautauona kama rangi. Utaona tu kwamba hewa ina unyevu.

Mwezi wenyewe usiupake leo. Acha anga likauke. Kwa akriliki ni saa moja au mbili, kwa mafuta ni siku kadhaa.

Hatua ya 7: Mji

Sasa unaweka kizuizi mbele ya mwanga. Changanya rangi ya mji kwa kuanza na rangi ya anga iliyo nyuma yake, kisha ongeza Prussia na umba hadi iwe nzito. Usianze na giza ukalipunguza. Jengo lililochanganywa kutoka kwenye anga lake linakuwa ndani ya hewa ileile. Jengo lililochanganywa peke yake huonekana limebandikwa.

Gawa mji safu tatu. Ya mbali iwe nzito kidogo tu kuliko anga na yenye bluu zaidi, ya kati iwe nzito zaidi, ya karibu iwe nzito kuliko zote na yenye kahawia. Tofauti kati ya safu na safu iwe ndogo kuliko unavyodhani. Hewa hutawanya mwanga, na bluu ndiyo inayotawanywa zaidi, kwa hiyo kila kitu cheusi kinachokwenda mbali huvaa pazia la bluu nyepesi. Pazia hilo ndilo umbali wenyewe.

Halafu angalia miguu ya majengo. Juu ya mto hukaa ukungu, na sehemu ya chini ya majengo hufifia kuliko vilele. Rangi ikiwa mbichi, vuta brashi kavu kwa ulalo juu ya mstari ambapo nyumba zinakutana na maji, ukifuta mpaka. Kilele cha kuba kiwe kikali, miguu yake ipotee. Nakuomba sana ulifanye hili hata kama mkono unakataa, kwa kuwa mji unaoanza wazi juu na kuyeyuka chini ndio unaosimama juu ya mto badala ya kusimama juu ya karatasi.

Ukali wa kingo nao ni rasilimali ya kutumia kwa uchache. Kingo kali kuliko zote ziwe pale mnara mkubwa unapokutana na anga jeupe karibu na mwezi. Kadiri unavyokwenda pembeni, zilainishe. Kwenye pembe za picha mji na anga vinaweza kuungana kabisa.

Kwa undani wa majengo, weka alama chache tu: mstari wa paa unaoshika mwanga, pembe ya mnara, ukingo wa daraja. Tumia fungu la tatu la anga, kamwe usitumie jeupe. Daraja la zamani alilolichora Dahl halipo tena, la sasa lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Frauenkirche yenyewe ilianguka Februari 1945 baada ya mashambulizi ya mabomu, ikajengwa upya na kufunguliwa mwaka 2005. Kwa umbo lile moja jeusi, lililopakwa kwa rangi chache kiasi hicho, mji ule wa zamani bado unatambulika.

Hatua ya 8: Maji

Maji ni anga lililogeuzwa na kutiwa uzito. Chukua mafungu yaleyale matano na uyazidishie giza kidogo. Kitu cheupe kikiakisiwa majini huwa hafifu kuliko kilivyo. Kitu cheusi huwa chepesi kidogo. Kwa hiyo kivuli cha mji majini kisiwe na giza sawa na mji, na mng'aro usiwe na weupe sawa na mwezi.

Njia ya mng'aro hushuka wima chini ya mwezi, ikija moja kwa moja kwa mtazamaji, hata ikiwa mto unakwenda mshazari. Wengi huipindisha ifuate mto, na picha huharibika bila wao kujua kwa nini. Ipake kwa michirizi mifupi ya ulalo. Karibu na mji michirizi iwe midogo, iliyosongamana. Ikija kwako iwe mikubwa na yenye nafasi kati yake. Acha maji meusi yaonekane katikati, maana mng'aro ni vipande vya mawimbi madogo na kila kipande kimeinama kwa pembe ya kukurushia mwanga. Mahali penye mashua au ukingo, ukate kabisa. Umbo jeusi linalokata mng'aro ndilo linaloufanya ung'ae.

Hatua ya 9: Mwezi, taa na watu

Anga likiwa limekauka, weka mwezi: nyeupe yenye oka, rangi nene, mguso mmoja au miwili. Ukingo wake mmoja uulainishe ili uingie kwenye wingu.

Taa za madirishani ndizo mwanga wa pili wa picha, na zinafanya kazi kwa sababu ni za joto katikati ya ubaridi. Changanya oka na siena na weupe kidogo. Ziwe chache, zisizolingana umbali, na nyingi zaidi upande mmoja. Hakuna hata moja iwe na weupe wa mwezi. Finya macho: taa ikionekana kabla ya mwezi, ipunguze. Kila taa iliyo karibu na maji iteremshie mchirizi wake hafifu wa wima. Anayechora mji wa leo ana taa maelfu za umeme mbele yake, na hana budi kuzima karibu zote. Hilo ni uamuzi wa mchoraji, kama mchoraji Mwingereza Turner alivyoamua alipochora Bunge la London likiwaka moto usiku wa tarehe 16 Oktoba 1834, akauacha moto uwe mwanga pekee na mji mzima uutumikie.

Watu waweke ukingo wa karibu, wadogo, weusi, bila nyuso. Wawe na kazi wanayoifanya. Mtu anayevuta mashua au kuinama majini anaipa picha kipimo cha ukubwa na saa ya usiku. Mtu aliyesimama tu akitazama mwezi humwambia mtazamaji ahisi nini, na mimi namshauri anayeanza amwepuke.

Hatua ya 10: Kuunganisha na kukausha

Picha ikikauka, changanya umba na ultramarini nyembamba sana na mafuta ya kitani, au na dawa ya akriliki ya kupakia tabaka jembamba linalopenyeza mwanga, ikiwa ni akriliki. Paka utando huo juu ya pembe nne za picha, futa kwa kitambaa ukielekea katikati. Utashangaa jinsi vitu vilivyokuwa vinagombana vinavyotulia. Kisha itazame kwenye kioo, na uipige picha uigeuze nyeusi na nyeupe. Yale maeneo manne ya hatua ya kwanza yanapaswa kurudi. Yasiporudi, kosa liko kwenye uzito wa giza, si kwenye rangi, na kuongeza bluu hakutasaidia.

Wanaotumia mafuta, tabaka za chini ziwe na mafuta machache na za juu ziwe na zaidi, la sivyo rangi itapasuka. Picha ikaukie chumba chenye mwanga na hewa. Ikifungiwa kabatini mafuta ya kitani hugeuka manjano, na kwenye unyevu wa pwani kitambaa huota ukungu nyuma. Vanishi subiri miezi sita au zaidi.

Unapoitundika, usiielekeze dirishani. Rangi nzito yenye vanishi hurudisha mwanga kama kioo, na mtazamaji ataona dirisha badala ya mji. Itundike ukuta ulio pembeni ya dirisha, bila kioo mbele, na taa ije kutoka juu.